Ukishuka Bukoba mji uko mlangoni, Bumbire je?

Mgeni anayeshuka kwenye ndege Bukoba kwa mara ya kwanza huwa na haraka isiyo na kazi. Anawasha simu kabla mlango haujafunguliwa, anatafuta gari, anauliza bei ya kwenda mjini. Mji wenyewe uko palepale. Uwanja umebanwa kati ya ziwa na nyumba za watu, na mwenye begi la mkononi anaweza kutoka getini akatembea kwa miguu mpaka madukani. Mwenye mzigo huchukua bodaboda au bajaji, mwenye watoto huchukua teksi. Dereva akikutajia bei ya kukushtua, usibishane naye. Beba begi lako, sogea barabarani, uulize mwingine.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Posta ni yapata kilomita 12 tu, lakini Barabara ya Nyerere ina tabia zake, na jioni kilomita hizo zinaweza kukumalizia subira yote. Jengo la tatu la abiria lilipofunguliwa mwaka 2019, wasafiri walipata ukumbi wa kupumulia. Foleni ya nje haikwenda popote. Msafiri wa Dar anapima mambo mawili, pesa na muda. Daladala za Gongo la Mboto zinapita barabarani hapo, ni rahisi mno, ila ukiwa na masanduku mawili konda atakuangalia kana kwamba umeleta ng'ombe. Teksi inakufikisha na mzigo wako, nayo inakaa kwenye foleni ileile. Gari la kuita kwa simu linakuonyesha bei kabla hujapanda, na hiyo peke yake ni nusu ya amani.

Sasa chukua abiria mmoja kwenye ndege ya Bukoba ambaye haendi Bukoba. Kwao ni Bumbire, kisiwa cha wilaya ya Muleba, kusini mwa mji. Wengine wakigawana bodaboda getini, yeye ndiyo kwanza safari inaanza. Hana foleni wala konda. Ana ziwa.

Njia zake si nyingi. Anaweza kwenda mwaloni Nyamkazi, mjini hapohapo, aulize kama kuna boti ya kisiwani. Au apande haisi kuelekea Kemondo, yapata kilomita 20, ambako ndiko meli ya Mwanza nayo hutia nanga. Au aendelee na barabara ya lami hadi Muleba, kisha ashuke kwenye mialo ya huko, ambako maji ya kuvuka ni mafupi zaidi. Anayeangalia ramani peke yake atachagua Muleba. Anayeijua kazi atapiga simu kisiwani kwanza aulize nani amevuka leo na anarudi saa ngapi, kwa sababu boti nyingi za mbao hufuata dagaa. Usiku wa giza wavuvi wanatega kwa taa, mchana dagaa wanaanikwa, magunia yakijaa boti inavuka. Mbalamwezi ikiwa kali, uvuvi unapungua na boti nazo zinapungua. Abiria anajikuta anasafiri kwa kalenda ya mwezi wa angani, hata kama tiketi yake ya ndege ilikatwa kwa kalenda ya ukutani.

Halafu kuna hali ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo wa bara huelekea ziwani kutoka pande zote, na mawingu hujengeka katikati ya ziwa. Kukikaribia kucha, radi na mvua husogea upande wa magharibi, yaani kwetu. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua nyingi za asubuhi. Kwa hiyo ushauri wa kawaida wa "wahi alfajiri" haufai kufuatwa kwa kukariri. Asubuhi ziwa likiwa jeusi upande wa mashariki, lala mjini, kula ndizi, vuka kesho. Bei ya chumba kimoja ni ndogo kuliko hasara ya kulazimisha.

Bumbire ina kumbukumbu ndefu ya wageni wanaofika kwa maji. Aprili 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alifika hapo kwa mashua yake, wenyeji wakamnyang'anya makasia, akakimbia huku watu wake wakipiga maji kwa mbao walizong'oa sakafuni mwa mashua. Agosti alirudi na bunduki akaua watu wengi. Hadithi yake ameisimulia yeye mwenyewe, na kisiwa hakikuulizwa.

Kumbukumbu inayotuhusu zaidi ni ya juzi. Novemba 6, 2022, kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, mvua ikinyesha. Ilikuwa na watu 43. Wakafa 19, wakapona 24. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina la mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, likajulikana nchi nzima. Asubuhi ile usafiri wa kutoka kwenye ndege hadi nchi kavu ulikuwa mtumbwi. Tangu hapo sioni sababu ya mtu kupanga mambo ya uwanja huu akaishia kwenye lami na maegesho ya teksi. Boti na wenye boti ni sehemu ya uwanja, na wanastahili mafunzo, redio na vifaa kama wengine wote wanaofanya kazi pale.

Kuna mpango unaozungumzwa kwa miaka mingi wa uwanja mkubwa Omukajunguti, wilayani Missenyi. Ukijengwa, mtu wa Bukoba naye ataonja ya Dar: gari, bei, muda. Mtu wa Bumbire ataongezewa barabara ndefu kabla ya maji yaleyale.

Lakini lipo jambo lisilohitaji kusubiri uwanja mpya. Halmashauri ya Muleba, Manispaa ya Bukoba na wenye boti wakubaliane, kisha wabandike kwenye ukuta wa jengo la abiria karatasi moja: boti ipi inavuka leo, kutoka mwalo gani, nauli kiasi gani, na namba ya simu ya kuuliza hali ya ziwa. Nawe msafiri, usipande boti isiyo na jaketi la kuokolea la kila abiria, hata kama nahodha ni mjomba wako.