SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: ZIMAMOTO AKIFIKA KABLA YA DAKTARI

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya somo: dharura, zamu, ubongo, huduma ya kwanza, kukandamiza.

MWALIMU: Hapa nilipo nimeketi pamoja na wanafunzi wawili wa kisomo, mzee mmoja na mama mmoja. Wao watauliza maswali kwa niaba yenu. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu.

MWALIMU: Mama, habari za nyumbani?

MAMA: Njema tu, mwalimu. Tunakusikiliza.

MWALIMU: Vema. Leo tutazungumza juu ya jambo linaloonekana kama kichekesho. Mtu ameanguka ghafula nyumbani kwake. Jamaa zake wanapiga simu kuomba msaada, wanamngojea daktari. Mara linasimama mlangoni gari kubwa jekundu, lenye ngazi na mipira ya maji. Wanashuka askari wa zimamoto. Hapana moto wala moshi. Wamekuja kwa ajili ya mgonjwa. Jambo hili ni la kila siku katika miji mingi ya Marekani.

MZEE: Hapo sielewi, mwalimu. Moto na maradhi vina udugu gani?

MWALIMU: Udugu wao ni haraka. Moto haumngoji mtu, na moyo uliosimama haumngoji mtu. Sikilizeni vizuri. Kazi ya moyo ni kusukuma damu. Moyo ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo. Ubongo ukikosa damu kwa dakika 4 mpaka 6, huanza kuharibika. Madaktari wamehesabu ya kuwa kila dakika inayopita bila msaada huondoa sehemu 7 mpaka 10 katika 100 za nafasi ya kupona. Haya, mama, tufanye hesabu. Tuna 100. Kila dakika tunaondoa 10. Baada ya dakika 10 tumebakiwa na nini?

MAMA: Hatuna kitu.

MWALIMU: Ndiyo, hatuna kitu. Sasa jiulizeni: nani anaweza kufika kabla dakika hizo hazijaisha? Hospitali kubwa huenda ikawa moja tu, nayo iko mbali. Lakini vituo vya zimamoto vimetawanywa mjini, ili moto ukitokea popote gari lifike upesi. Askari wako zamu usiku na mchana. Gari lao liko tayari, na njia wanazijua. Kwa hiyo wakuu wa miji walisema, na tuwatume hao walio karibu. Siku hizi, katika kila simu 100 ambazo zimamoto wa Marekani huitikia, zaidi ya nusu ni za wagonjwa na majeruhi. Simu za moto wenyewe hazifiki 10.

MZEE: Basi askari hao wote wamesomea utabibu?

MWALIMU: Hapo ndipo penye shida, mzee wangu. Wengi wamesoma, lakini si wote. Sehemu kubwa ya askari wa zimamoto wa Marekani ni watu wa kujitolea. Mmoja ni fundi seremala, mwingine ni mkulima, na king'ora kikilia huacha kazi zao na kukimbia. Mtu kama huyo anaweza kuwa hodari sana wa kushika mpira wa maji, lakini mbele ya mgonjwa asijue aanzie wapi. Ili tufahamu vizuri, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa kubwa juu ya ajali. Walionyesha ya kuwa katika mwaka 1965 watu 107,000 walikufa kwa ajali nchini mwao. Tena walionyesha jambo la ajabu. Karibu nusu ya huduma ya magari ya wagonjwa ilikuwa mikononi mwa watu 12,000 ambao kazi yao ni kuzika maiti.

MAMA: Jamani! Gari la maiti lije kumchukua mgonjwa? Si angekufa kwa hofu tu!

MWALIMU: Sababu yake ni nyepesi, mama. Gari la maiti ni refu, mtu anaweza kulazwa ndani. Lakini dereva wake hakufundishwa kuzuia damu wala kumsaidia mtu kupumua. Alijua kubeba tu.

Mwaka huohuo wa 1966, katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, daktari mmoja jina lake Frank Pantridge alianza jambo jipya. Badala ya kumngojea mgonjwa wa moyo hospitalini, alituma gari lenye daktari na mashine ya kuushtua moyo, limfuate mgonjwa alipo. Habari zikavuka bahari. Katika mji wa Seattle, Marekani, Daktari Leonard Cobb akashauriana na mkuu wa zimamoto, Gordon Vickery. Askari wa zimamoto waliteuliwa wakaingia darasani katika hospitali ya Harborview, wakafundishwa na madaktari. Mwaka 1970 gari lao la kwanza likaanza kazi.

MZEE: Watu wazima kurudi darasani. Kama sisi!

MWALIMU: Kama ninyi hasa. Wala hawakukomea hapo. Walitambua ya kuwa hata gari la mbio linachelewa. Basi katika miaka ile ya 1970 wakaanza kuwafundisha raia wa kawaida namna ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Ikawa kazi ya watu watatu: jirani anaanza, askari wa zimamoto wa karibu anapokea, na aliyesoma zaidi anamaliza.

MAMA: Lakini mwalimu, yule askari ambaye hajasoma, si afadhali abaki kituoni?

MWALIMU: Watu wanabishana juu ya jambo hilo, na kila upande una maneno yake. Wengine husema: usimtume. Jamaa za mgonjwa wakiona gari na sare hudhani wamepata tabibu, kumbe mikono ni mitupu. Wengine husema: mtume, kwani mkono mmoja ni bora kuliko kukosa mkono kabisa. Mzee, wewe waonaje?

MZEE: Mwalimu, mimi nina jambo moyoni. Zamani jirani yetu alianguka kutoka mnazini. Tulikimbia wanaume wanne. Tukamnyanyua mikono na miguu, kama gunia, tukamtia mkokotenini. Alipona, lakini hakutembea tena. Mpaka leo najiuliza: mgongo wake ulivunjwa na mnazi, au na mikono yetu?

MWALIMU: Pole, mzee wangu. Jibu lake hakuna awezaye kulijua. Mlikwenda kwa mapenzi, na hakuna aliyekuwa amewafundisha. Lakini maneno yako yametufundisha leo. Mapenzi yanampeleka mtu kwa mgonjwa. Akifika pale, anahitaji elimu. Basi na tuyataje mambo ambayo hata asiyesoma anaweza kuyafanya.

Kwanza, apige simu au amtume mtu mmoja apige, aseme mahali walipo. Katika miji mingi mtu wa simu humwelekeza mpigaji hatua kwa hatua mpaka msaada ufike.

Pili, aliyeanguka kutoka juu au aliyegongwa na gari asinyanyuliwe ovyo, ila kama pana hatari kubwa zaidi, kama vile moto. Kichwa na shingo visigeuzwe.

Tatu, damu ikitoka kwa nguvu, kidonda kikandamizwe kwa kitambaa safi, bila kuachia.

Nne, asiyejitambua asipewe maji wala chai. Yanaweza kuingia katika mapafu.

Tano, mtu mzima aliyeanguka ghafula, hajitambui, wala hapumui kama kawaida, akandamizwe kifua. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Sukuma chini kwa nguvu kiasi cha sentimeta 5, kisha acha kifua kiinuke. Rudia upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usichoke mpaka msaada ufike. Mwaka 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kilitangaza ya kuwa hata asiyefundishwa anaweza kufanya hivi, bila kumpulizia mgonjwa pumzi. Lakini watoto, na watu waliozama majini, wanahitaji pumzi pia, na hilo hufundishwa darasani.

MAMA: Kumbe mambo yenyewe si mengi.

MWALIMU: Si mengi, lakini hayajifunzwi siku ya msiba. Kwa hiyo nawaambia: tusibishane tu kama askari aende au asiende. Afundishwe kwanza, kisha aende. Na sisi tulio karibu zaidi kuliko yeye, tujifunze pia. Walioko Tanzania Bara waandike daftarini namba 114, ndiyo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

MZEE: Mimi nitaiandika ukutani, kwa mkaa.

MWALIMU: Vizuri sana, mzee. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini zimamoto huweza kufika kwa mgonjwa kabla ya daktari?
2. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika ngapi bila damu?
3. Kwa nini magari ya maiti yalitumika kubeba wagonjwa huko Marekani?
4. Kwa nini asiyejitambua hapewi maji?
5. Zungumzeni: askari asiyefundishwa atumwe kwa mgonjwa, au asitumwe? Kila mmoja atoe sababu yake.

Kazi ya nyumbani: Andika sentensi tano juu ya ajali uliyoiona. Eleza watu walifanya nini, na leo ungefanya nini wewe.