Dinosaria Wetu Hawamo Kwenye Sinema

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa Lindi dinosaria walikuwa wakiishi wapi, atakujibu bila kusita: Marekani. Mwingine atakutajia kisiwa chenye uzio wa umeme. Nafundisha baiolojia katika mji huu, na majibu hayo nayapata kila tunapofika mada ya mageuko ya viumbe. Hakuna kitabu cha kiada kinachosema hivyo. Aliyewafundisha ni Steven Spielberg.

Filamu yake ya Jurassic Park ilitoka mwaka 1993, kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa. Mimi na wenzangu tuliitazama kwa kanda kwenye vibanda umiza. Wao wanarushiana kwa flashi na simu, pamoja na zile za Jurassic World zilizofuata. Katika saa mbili za filamu hiyo, dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu. Lakini dakika hizo zina ngurumo, mvua na watoto wawili wanaowindwa jikoni. Kilichomtisha mtu hakimtoki kichwani, na mimi ubaoni sina cha kutishia.

Haki yake tuipe. Kwa miaka mingi picha nyingi zilimchora dinosaria kama pandikizi la mnyama zito, linaloburura mkia matopeni. Filamu ilimwonyesha mwepesi, mkia juu, jamaa wa ndege, na huo ndio mwelekeo wa sayansi ya wakati ule. Mshauri wake alikuwa Jack Horner, mtaalamu wa visukuku wa Marekani.

Chumvi ikatiwa baadaye. "Madam, si inasemekana T. rex hakuoni ukitulia?" Swali hilo haliniishi. Anakuona vizuri sana. Macho yake yalielekea mbele, yakamwezesha kukadiria umbali wa windo. Ukisimama kimya umemrahisishia kazi. Velociraptor, yule mwerevu anayefungua milango, kwa kweli alikuwa na ukubwa wa bata mzinga na mwili wenye manyoya. Mwaka 2007 watafiti walieleza alama za mizizi ya manyoya kwenye mfupa wa mkono wake.

Kubwa kuliko yote ni DNA. Filamu inasema mbu alimnyonya dinosaria damu, akanaswa ndani ya kaharabu, na damu ile ikatumika kumfufua mnyama. Hapa pwani wazee wanaijua sandarusi, ndugu wa kaharabu, utomvu uliogandika ardhini ambao zamani ulichimbwa na kupelekwa Unguja kuuzwa kwa watengeneza vanishi wa ng'ambo. Mara nyingi ndani yake yumo mdudu mzima. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walijaribu kupata DNA ya nyuki walionaswa katika sandarusi ya Kolombia, mmoja wa miaka elfu kumi hivi na mwingine asiyefikisha hata miaka mia. Hawakuipata kwa yeyote. DNA kongwe kuliko zote zilizosomwa hadi ilipotangazwa mwaka 2022, iliyotoka kwenye udongo wa barafu wa Greenland, ina takriban miaka milioni 2. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Makosa hayo nayasahihisha kwa kipindi kimoja. Linalonisumbua ni lile jibu la kwanza, Marekani, kwa sababu mtoto anayeamini dinosaria ni wa kwao wengine huamini pia kwamba hata sayansi yenyewe ni ya kwao wengine.

Mkumbuke yule mwenye shingo ndefu anayewatoa machozi wataalamu mwanzoni mwa filamu. Anaitwa Brachiosaurus, jina lililotolewa kwa mifupa iliyochimbwa Colorado mwaka 1900. Mifupa ile ilikuwa pungufu, na sura ya mnyama tunayoiona kwenye kioo imeegemea mno mifupa ya ndugu yake, ambaye wataalamu wengi leo humwita Giraffatitan. Huyo alitoka Tendaguru, kilima kilichopo kama kilomita 60 kutoka hapa Lindi mjini.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha uchimbaji Tendaguru. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu, na kusini kote kulikuwa na majonzi na njaa. Mamia ya wenyeji walichimba, wakafunga mifupa, wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Tangu mwaka 1937 mifupa ya Giraffatitan imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikizidi mita 13, na bungeni Dodoma wabunge wa kusini wameulizia mara kadhaa habari za "mjusi" wao.

Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Alijifunza kuuibua mfupa kutoka kwenye mwamba bila kuuvunja, na akawafunza wengine. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa ajili ya Wamwera, wenyeji wa eneo hilo. Nikiyaandika majina hayo ubaoni, darasa huwa linanyamaza, kisha mmoja atauliza kama Boheti ana wajukuu.

Kuwakataza watoto filamu ni kupoteza muda. Mzazi, itazame na mwanao, kisha muulize ni lipi linawezekana na tunalijuaje. Mwalimu mwenzangu, anza na T. rex wanayemjua, umalizie kwa Boheti. Na ninyi watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam, kisa cha Tendaguru kina njaa, ukoloni, safari na mifupa ya miaka milioni 150. Kitengenezeni filamu, kabla Hollywood haijakitengeneza na kutuweka pembeni kama wabeba mizigo wasio na majina.