Kabla ya Kugonga Mlango wa Monasteri

Binti wa Mpanda akisema anataka kuwa sista, mtaa mzima unamwelewa. Masista wanajulikana kwa kazi zao: zahanati, chekechea, bweni la wasichana, darasa la ushonaji. Picha hiyo ina mizizi mirefu katika Katavi. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita White Fathers, walipokea ngome ya Wabelgiji pale Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo Adrian Atiman, aliyetiwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi kisha akakombolewa, alipofanya kazi ya ukatekista na utabibu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Na katika eneo hilo hilo, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, wasichana wenyeji walianza njia iliyozaa Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Kwa watu wetu, basi, utawa una sura ya mtu anayehudumia.

Binti huyo akisema anatafuta nyumba ambayo watawa wake hawatoki kwenda kufundisha wala kutibu, siku yao ikizunguka kati ya Zaburi, Misa, kazi za mikono na ukimya, nyumbani mambo hubadilika. Mama atauliza: “Sasa huko utakuwa unafanya kazi gani?”

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 674, zinasema kwamba mashirika yaliyojitoa kabisa kwa taamuli yana nafasi ya pekee katika Kanisa, na kwamba hata pale mahitaji ya kitume yanapobana, watawa hao wasiitwe kusaidia kazi za kichungaji. Tafakari uzito wa maneno hayo kwa jimbo kama la Mpanda, lililoanzishwa mwaka 2000, lenye vigango vilivyotawanyika mbali na mapadre wasiotosha. Hata humo askofu haruhusiwi kumtoa mtawa wa ndani kwenye kiti chake cha sala akafundishe katekisimu. Kanisa linaamini kwamba kumsifu Mungu na kuwaombea watu usiku na mchana ni kazi kamili. Asiyeamini hivyo kwa dhati asiingie, maana miaka miwili mbele atajiona anapoteza maisha yake.

Kwa kijana wa kiume wa Katavi, nyumba ya wamonaki iliyo jirani ni Mvimwa, mkoani Rukwa, iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Hanga mwaka 1979 na kupandishwa kuwa abasia mwaka 2001. Wabenediktini wa kundi hilo huunganisha umonaki na umisionari, kwa hiyo hutawakuta wamejifungia moja kwa moja. Anayetafuta ukimya mkali zaidi atasikia habari za Watrapisti: masista wa Butende, Masaka, nchini Uganda, tangu 1964, masista wa Murhesa karibu na Bukavu, tangu 1955, wamonaki wa Mokoto kule Masisi, tangu 1954. Asikie pia kwamba wamonaki wa Mokoto walilazimika kukimbia vita mwaka 1996, na wale wa Kipkelion nchini Kenya, waliokuwapo tangu 1956, wakahamia Uganda baada ya ghasia za uchaguzi za 2008. Ukuta wa monasteri haukukingi na yanayowapata majirani zako.

Nyumba hizo zina miongo kadhaa nyuma yake. Ugumu wa kupambanua unaanza pale kijana anapovutwa na jumuiya changa na ndogo, tuseme ya watu wanne au sita, yenye mavazi ya kale, zaburi za Kilatini na kanuni kali za ukimya. Vijana wa namna hii wapo, na sioni sababu ya kuwacheka. Njaa yao ya sala ni ya kweli. Ninachotaka waelewe ni kwamba katika jumuiya ndogo wao pia wana haki ya kupima. Tumezoea kusema nyumba inampima mwombaji. Mwombaji naye anaipima nyumba, na sheria inampa muda na vifaa vya kufanya hivyo.

Muda kwanza. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 58 ya Kanuni yake, anaagiza mgeni asifunguliwe upesi. Aachwe mlangoni siku nne au tano, kisha asomewe Kanuni nzima baada ya miezi miwili, tena baada ya sita, tena baada ya minne, na kila mara akumbushwe kuwa yuko huru kuondoka. Sheria ya leo ina roho hiyo hiyo. Unovisi hauwezi kuanza kihalali kabla ya miaka 17 wala kuwa chini ya miezi 12. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21. Kwa monasteri za masista wa ndani, maelekezo ya Kiti Kitakatifu ya mwaka 2018, Cor Orans, yamerefusha zaidi: mwaka mmoja wa utangulizi, mwaka wa upostulanti, miwili ya unovisi, mitano ya nadhiri za muda. Jumla ni miaka 9 hadi 12. Kwa hiyo mkuu wa nyumba akikuambia umevutiwa na Roho Mtakatifu hivyo utavikwa shela mwezi ujao, rudi nyumbani. Roho Mtakatifu hana haraka hiyo.

Sasa vifaa. Uliza karatasi. Jumuiya ya kitawa haizaliwi kwa watu kukubaliana kuishi pamoja na kushona kanzu. Tangu Novemba 2020, Papa Fransisko alipotoa Authenticum charismatis, hata askofu wa jimbo hawezi kuanzisha shirika jipya la kitawa bila kibali cha maandishi cha Kiti Kitakatifu. Kabla ya kufikia hapo kundi huwa ni chama cha waamini tu, na hakuna aibu katika hilo, kwani mashirika mengi yameanza hivyo. Ila nadhiri zinazowekwa humo si nadhiri za hadhara za kitawa, na anayefukuzwa hana kinga anayopewa mtawa na sheria. Binti anapaswa kulijua hili kabla hajaacha chuo. Njia ya kulijua ni rahisi: paroko wake aandike kwa ofisi ya jimbo lenye nyumba hiyo, na jibu lije kwa maandishi. Jumuiya yenye uhusiano mwema na askofu wake hufurahi ikiulizwa hivyo.

Uliza pia idadi. Cor Orans inataka monasteri ya masista isipewe uhuru kamili mpaka iwe na watawa wasiopungua wanane wenye nadhiri kuu, na wakipungua hadi watano inapoteza haki ya kujichagulia mkuu. Namba hizo zimetokana na uzoefu. Katika nyumba ya watu wanne, mkuu ndiye mlezi, mlezi ndiye mtunza fedha, na mtu huyo huyo huenda ndiye anayeamua ni padre gani aje kuungamisha. Nani basi anayeweza kumwambia hapana? Hilo ndilo swali ambalo ningependa kila mwombaji alibebe kifuani siku ya kwanza ya kutembelea.

Kuna kipimo kimoja nakiamini kuliko vingine vyote, nacho ni dhamiri. Kanuni ya 630 inawaamuru wakuu waheshimu uhuru wa watawa katika kitubio na uongozi wa kiroho, na inawakataza kabisa kuwashawishi kwa njia yoyote wawafunulie dhamiri zao. Mlezi wa wanovisi naye, ikiwa ni padre, haruhusiwi kuwaungamisha walelewa wake isipokuwa wao wenyewe waombe kwa hiari katika tukio fulani. Sheria hizo zipo kwa sababu mtu anayejua dhambi zako na pia anayekupangia kazi, chakula na ruhusa ya kuwaandikia wazazi anakuwa na mamlaka ambayo hakuna mwanadamu anayestahili kuwa nayo juu ya mwingine. Ukikaa wiki mbili katika nyumba ukaona kila mtu anapeleka siri zake kwa mtu mmoja, na barua zinasomwa kabla hazijatumwa bila maelezo yoyote, usijilazimishe kuita jambo hilo utii.

Kuhusu Kilatini na Misa ya kale, nitasema kwa kifupi. Uzuri wa liturujia umewaleta wengi kwa Mungu, na upendo huo si kosa. Lakini tangu Julai 2021, kwa barua ya Papa Fransisko, Traditionis custodes, matumizi ya Misale ya 1962 yanategemea ruhusa ya askofu wa jimbo, hivyo uliza kama ipo. Kisha sikiliza mazungumzo ya mezani wakati wa mapumziko. Nyumba inayopenda mapokeo huzungumza juu ya watakatifu wake, bustani yake, wagonjwa waliokuja kuomba sala. Ikiwa mazungumzo yote ni juu ya makosa ya maaskofu na parokia zilizopotoka, kijana atajifunza hasira, na hasira haimlei mtu katika taamuli hata akiimba vizuri namna gani.

Yapo na ya nyumbani. Kanuni ya 644 inakataza kumpokea unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Kwetu hili si jambo la mbali. Kijana aliyelima tumbaku huenda bado anadaiwa pembejeo na AMCOS, aliyetoka chuoni ana mkopo wa Bodi, na dada mwingine ameacha jina lake kwenye daftari la VICOBA. Wito hauyafuti hayo, na marafiki waliomdhamini ndio wanaobaki kudaiwa. Kiwanja au shamba la urithi nalo lisitolewe kwa jumuiya kwa msisimko wa miezi ya mwanzo. Kanuni ya 668 inasema kabla ya nadhiri za kwanza mtu hukabidhi usimamizi tu wa mali yake kwa amtakaye, na kabla ya nadhiri za daima huandika wosia unaotambuliwa na sheria za nchi. Umiliki unabaki kuwa wake katika miaka yote ya majaribio, ili siku akiamua kuondoka awe na pa kuanzia.

Na wengine wataondoka. Kanuni ya 653 inasema mnovisi yuko huru kuacha. Huku kwetu anayerudi hupokewa kama aliyefeli mtihani. Mashangazi hunong'ona, na kwenye jumuiya ndogondogo watu hukaa wakisubiri aeleze kilichotokea. Tunamkosea sana. Mtu aliyekaa miezi 18 akisali kwa uaminifu, akagundua kwa dhati kwamba hapo si mahali pake, amemaliza kazi ya kupambanua sawasawa na yule aliyebaki. Paroko amtembelee wiki ya kwanza, na mwalimu wa kwaya amrudishie nafasi yake bila kumhoji. Jumuiya aliyotoka nayo ina wajibu wake. Hata kwa aliyekwisha kuweka nadhiri, kanuni ya 702 inasema hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya humo, lakini shirika linapaswa kumtendea kwa haki na upendo wa Kiinjili. Kwa binti wa Mpanda upendo huo unaanza na nauli ya kumfikisha hadi kwao, nguo za kawaida za kuvaa, na vyeti vyake vya shule, ambavyo havipaswi kubaki kabatini mwa mkuu wa nyumba hata siku moja baada ya yeye kuondoka.