Rutshuru: Chaja isiyofaa yaua batri ya mtumbwi kabla ya wakati

Kwa mvuvi anayeingia ziwa Edward usiku kutoka Vitshumbi ama Nyakakoma, wilayani Rutshuru, batri ya volti 12 si anasa. Ndiyo inayowasha taa, kujaza simu ya kuomba msaada na, kwa wenye moteri ya starta, kuwasha moteri. Ikizimika katikati ya maji, karibu na viboko, hasara si ya pesa tu.

Mara nyingi batri hiyo haifi kwa uzee. Inauawa na chaja.

Kituo cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa Desemba 2015 na chenye megawati zaidi ya 13, kiliwafungulia watu wa Rutshuru na Kiwanja njia ya kuchaji batri kwa umeme wa laini. Lakini sokoni wengi huuliza kwanza bei ya chaja, wakati jibu limeandikwa kwenye batri yenyewe.

Jambo la kwanza ni aina ya batri. Ile ya asidi, yenye vifuniko vya kuongezea maji, huchajiwa mpaka volti 14,4 hivi. Ya jeli huumia mapema zaidi, karibu na volti 14,1. Ya lithiamu inataka chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake.

La pili ni ampea. Kwa batri ya asidi, chaja iwe kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya ukubwa wake. Batri iliyoandikwa Ah 100 inafaa chaja ya ampea 10 hadi 20. Chaja ya ampea 2 itachukua zaidi ya siku nzima kurudisha nusu yake. Ile kubwa ya gereji, ya ampea 50, itaipasha moto na kuharibu bati za ndani.

La tatu, chaja ijipunguze yenyewe batri ikijaa. Isiyojipunguza huendelea kusukuma umeme mpaka maji yachemke na kukauka. Ukiwa na ya namna hiyo, usilale ukaiacha. Na ukipeleka batri kwa mtu wa kuchaji, muulize ampea za chaja yake, wala asiiunganishe na batri nyingine iliyochoka.

Batri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Iweke penye hewa, mbali na mbabula na sigara. Funga waya nyekundu kwenye alama ya kujumlisha na nyeusi kwenye ya kutoa, kisha ndipo uchomeke chaja ukutani. Maji ya ziwa yasiingie ndani kamwe: chumvi zake huharibu bati. Tumia maji ya batri tu.

Kabla ya kushuka ziwani, pima batri iliyopumzika masaa machache. Volti 12,7 maana yake imejaa. Ikionyesha 12,2, imebaki nusu: irudishe kwenye chaja, usiipeleke majini.