Kuangua Yai la Bata Mwitu Lililotelekezwa: Maarifa ya Ufugaji wa Kuku na Mipaka Yake Mkoani Singida

Mkoa wa Singida unafahamika nchini Tanzania kwa kuku wa kienyeji, alizeti na vitunguu. Bata mwitu hawatajwi sana, ijapokuwa mazingira ya kuwalea yapo. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Upande wa Iramba kuna mbuga ya Wembere, ambayo maji yake huingia Ziwa Kitangiri, kisha hutoka kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi Novemba au Desemba, mabwawa ya msimu hujaa, nyasi huota na bata huanza kutaga. Ndicho pia kipindi ambacho watu wako mashambani. Mkulima anayepalilia mpunga au anayefyeka nyasi pembezoni mwa bwawa hukuta kiota chenye mayai meupe, na ndege hayupo. Hitimisho la haraka ni kwamba mayai yametelekezwa, na jibu la nyumbani ni jepesi: yapelekwe kwa mtetea anayelalia. Makala haya yanaeleza kinachofuata baada ya jibu hilo, yakianzia mahali ambapo kosa kubwa zaidi hutendeka, yaani kabla yai halijainuliwa kutoka kiotani.

Kutokuwapo kwa ndege hakuthibitishi kwamba kiota kimetelekezwa. Bata hutaga yai moja kwa siku, au pungufu kidogo, na haanzi kuatamia kwa dhati mpaka idadi ya mayai ikamilike. Kiota cha mayai 5 kinaweza kukaa kimya na kibaridi kutwa nzima, wala kisiwe na tatizo lolote. Yai ambalo halijaanza kuatamiwa halijafa kwa sababu ya ubaridi. Kiinitete kimesimama tu kukua, kwa kuwa chini ya nyuzi joto 20 au 21 za Selsiasi ukuaji wake husita. Hata baada ya kuanza kuatamia, bata huondoka kwenda kula na kunywa. Wapo wanaotafuta manyoya laini ndani ya kiota kama ushahidi kwamba mama yupo. Ushahidi huo unafaa kwa baadhi ya bata, lakini si kwa bata miluzi mwenye uso mweupe, Dendrocygna viduata, ambaye ni miongoni mwa bata wa kawaida katika maeneo ya mpunga. Huyu hatandiki manyoya kiotani, na dume na jike hupokezana kulalia. Kwa hiyo kiota chake huweza kuonekana kitupu na kikavu hali kina wazazi wawili.

Njia ya kuaminika ni ya subira. Vijiti viwili au majani mawili ya nyasi hulazwa juu ya mayai kwa umbo la msalaba, mtu huondoka kabisa, na kiota hutazamwa tena kesho yake. Vijiti vikiwa vimesogezwa, mzazi amerudi. Vikiwa mahali pale pale na mayai ni ya baridi alfajiri, siku mbili mfululizo, dhana ya kutelekezwa inapata uzito. Hali iliyo wazi zaidi ni ile ya mzazi kukutwa ameuawa, au bwawa kufurika na kusomba kiota.

Hapo suala la sheria halikwepeki, ingawa wengi hulipuuza kwa kuwa yai ni kitu kidogo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inapotafsiri neno nyara inataja pamoja na pembe, ngozi na manyoya, yai pia. Nia njema ya kuokoa haibadilishi tafsiri hiyo. Kumjulisha ofisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kulibeba yai ni hatua ya kwanza ya kazi yenyewe, wala si adabu tu ya kiofisi, kwani ndiye atakayeulizwa baadaye kiumbe aliyeanguliwa aende wapi.

Yai likishakuwa nyumbani, umri wake hukadiriwa kwa maji ya uvuguvugu. Yai jipya huzama na kulala kwa ubavu. Kadiri chumba cha hewa kinavyopanuka, ncha butu huinuka, kisha yai husimama wima, na mwishoni huelea. Lililokaribia kuanguliwa huweza hata kutikisika juu ya maji. Jaribio hili halifanywi kwa yai lenye ufa. Usiku, tochi ya simu ikiwekwa kwenye ncha butu katika chumba chenye giza huonyesha mishipa ya damu iliyotanda kama mizizi kuanzia siku ya 5 hadi ya 7 ya kuatamiwa. Yai lisiloonyesha chochote baada ya siku 10 huondolewa, maana likioza linaweza kupasuka na kuchafua mengine.

Kuhusu joto, hakuna chombo cha nyumbani kinachomzidi kuku. Tofauti iko katika hesabu ya siku. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21, ilhali mayai ya bata wengi mwitu wa ukanda huu huchukua takriban siku 26 hadi 30. Mtetea aliyekwisha kulalia wiki mbili atainuka na vifaranga wake wakati bata bado yumo ndani ya ganda. Wafugaji wanaochanganya mayai ya bata wa kufugwa na ya kuku wanaijua dawa yake: mayai ya bata hutangulia kwa wiki moja, ndipo ya kuku yaongezwe, ili yote yatotolewe pamoja. Kwa yai la mwituni ambalo tarehe yake haijulikani, kilicho salama ni kumtafuta mtetea aliyeanza kulalia karibuni na kutompa mayai yake mwenyewe hata kidogo.

Penye umeme na pasipo mtetea, hutengenezwa boksi lenye balbu. Hapa mabadiliko ya taa yameleta mtego mpya: balbu za LED zilizoenea majumbani hutoa mwanga mwingi na joto dogo mno, hivyo boksi linaweza kung'aa usiku kucha na yai likapoa. Inahitajika balbu ya zamani ya waya, au chupa za maji ya moto zinazobadilishwa kwa zamu, kazi ambayo watu wachache huimudu kwa wiki nne. Katika boksi lisilo na feni joto hupimwa usawa wa mgongo wa yai, nalo liwe karibu nyuzi 38.5; penye feni inayozungusha hewa, nyuzi 37.5 zinatosha. Umeme ukikatika kwa saa moja au mbili yai hustahimili. Kinachoua upesi ni joto kupita kiasi, kwani nyuzi 40 na zaidi zikidumu kwa muda huharibu kiinitete. Yai hugeuzwa mara 3 au 5 kwa siku, hesabu ikiwa witiri ili upande mmoja usilale chini kila usiku, na kugeuza huachwa siku 3 kabla ya kuanguliwa.

Unyevu ndio unaotofautisha Singida na mahali ambapo miongozo mingi iliandikwa. Yai hupumua kupitia vitundu vya ganda, na katika kupumua hupoteza maji. Linatakiwa lipoteze takriban asilimia 14 ya uzito wake kabla kifaranga hajaanza kutoboa. Yai lililokuwa na gramu 50 siku ya kwanza lifikie karibu gramu 43. Likipoteza zaidi, utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga. Likipoteza pungufu, chumba cha hewa huwa kidogo naye huzama katika majimaji. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko pwani, na mvuke hupenya ganda kwa wepesi zaidi. Ukijumlisha ukavu wa eneo la kati, yai linalofuata kipimo cha Tanga au Dar es Salaam litakauka. Bata mwenyewe hurudi kiotani na manyoya yenye maji. Mtetea harudi hivyo, na ndiyo sababu wafugaji hunyunyizia mayai ya bata maji ya uvuguvugu mara moja kwa siku katika nusu ya pili ya kuatamia. Ndani ya boksi, sahani pana ya maji na kitambaa kilicholoweshwa huongeza unyevu. Siku 3 za mwisho unyevu ufikie asilimia 70 au zaidi.

Kifaranga hutoboa kwanza utando wa chumba cha hewa, na sauti yake husikika yai likiwa bado zima. Baadaye hutoboa ganda, kisha hutulia. Utulivu huo, ambao huweza kuchukua siku nzima au zaidi, huwatia watu wasiwasi na kuwafanya wamenye ganda kwa kucha. Wakati huo mishipa iliyotanda kwenye utando bado inarudisha damu mwilini na mabaki ya kiini yanafyonzwa tumboni, hivyo anayemenya mapema humwaga damu.

Sauti ile ya ndani ya yai ina kazi nyingine. Katika karne ya 20 mtafiti wa Marekani Gilbert Gottlieb alionyesha kwamba kifaranga wa bata asiposikia sauti yake mwenyewe na za wenzake akiwa yaini, baada ya kuanguliwa hupungukiwa na uwezo wa kutambua mwito wa mama wa jamii yake. Kabla yake, mwaka 1935, Konrad Lorenz wa Austria alikuwa amefafanua jinsi kifaranga anavyomfuata na kumfanya mzazi kiumbe wa kwanza anayemwona akitembea katika saa za mwanzo. Yai moja ndani ya boksi la kimya, au chini ya kuku anayetetea, huzaa basi ndege mwenye mwili wa bata na mama wa aina nyingine. Kwa sababu hiyo yai moja pekee ni gumu kulitetea kuliko mayai 6: ndugu huwafundisha ndugu kwamba wao ni bata.

Malezi yana hatari zake. Pumba na chakula cha vifaranga wa kuku humnyima niasini ya kutosha, na miguu ya bata mchanga hupinda. Mchwa, wadudu na mbegu za nyasi humsogeza karibu na mlo wake wa asili. Maji ya kuogelea yawe ya kina kifupi, kwa dakika chache, kwani hana mama wa kumkausha. Kwa kaya inayoishi kwa kuuza kuku, hofu kubwa ni ugonjwa. Ndege wa majini wa porini huweza kubeba virusi vya mafua ya ndege bila kuonyesha dalili. Mtetea aliyeazimwa kwa kazi hii hutengwa pamoja na mtoto wake wa kambo, na mikono huoshwa kwa sabuni kati ya banda na banda.

Baada ya takriban wiki 8 bata miluzi huweza kuruka. Makundi ya jamii yake hupita usiku juu ya maziwa ya Singida yakipiga miluzi, na bata aliyelelewa na ndugu zake huinua shingo na kuitikia. Aliyelelewa peke yake kwa kawaida huingia bandani na kuku jua linapokuchwa, na hapo ndipo ofisa wanyamapori aliyejulishwa mapema huwa wa manufaa kuliko kitotoleshi chochote.