Wataalamu Walipojizuia Wenyewe

Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani waliomba majaribio fulani yasimamishwe. Walikuwa wamejua kutia chembe za urithi za kiumbe kimoja ndani ya bakteria. Nao bakteria hao ni wa jamii inayoishi matumboni mwetu. Je, wakitoka maabara na kueneza maradhi?

Februari 1975 wataalamu wapatao 140 walikutana Asilomar, California, kando ya bahari. Walibishana sana, na ni vizuri walibishana. Wakakubaliana kazi iendelee kwa masharti makali. Majaribio ya hatari zaidi yalizuiwa.

Leo bakteria wanatengeneza insulini ya wagonjwa wa kisukari. Marekani iliiruhusu mwaka 1982. Kabla ya hapo insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe.