Kabla ya kulikata shamba la baba, bisha hodi kwenye kaunti

BILA shaka umewahi kuiona siku hii, au utaiona. Ni Jumapili alasiri. Watoto wote wamerejea kijijini kutoka mjini, chai imenyweka, na mzee anainuka akiwa na bakora mkono mmoja na kamba ya katani mkono wa pili. Anawaongoza wanawe hadi shambani. "Wewe utaanzia kwenye mwembe huu hadi pale uani. Ndugu yako ataanzia hapo hadi chini kwenye migomba." Vigingi vinapigwa, mbuzi anachinjwa, na jioni kila mtu anapanda matatu kurudi Nairobi akiamini kwamba sasa naye ana shamba.

Je, analo kweli?

Kwa macho ya jamaa na majirani, analo. Kwa macho ya sheria, hana hata futi moja. Shamba lingali moja, hati ingali moja, na jina lililo ndani yake ni la mzee peke yake.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu, mwenye shamba katika kaunti inayopakana na Nairobi. Siku zote lilijulikana kuwa la ekari mbili. Aliwagawia watoto wake wanne kwa kamba, nusu ekari kila mmoja, na hakuna aliyelalamika. Miaka ikapita. Wa tatu akajenga nyumba ya mawe. Kisha wa pili akataka mkopo wa benki ili amlipie bintiye karo ya chuo kikuu. Benki ikamwomba hatimiliki. Hapo ndipo familia ilipogutuka: hati ilikuwa ya baba, na baba alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita. Kisa hicho tutakirudia. Kwanza tutazame njia ambayo mzee angeifuata akiwa hai.

KIBALI CHA NINI?

Wengi huuliza: ardhi ni yangu, kwa nini niombe ruhusa kuikata? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba shamba moja lina mlango mmoja wa kutokea barabarani, lakini likikatwa mara nane, vipande sita huenda visiwe na mlango wowote. Kila kipande kitahitaji njia ya gari, mahali pa kupitisha maji ya mvua na bomba la maji safi, na pengo la kutosha kati ya choo cha jirani mmoja na kisima cha mwingine. Mambo haya hayawezi kuamuliwa na kamba ya katani.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mabaraza ya miji na ya wilaya. Mabaraza hayo yalifikia kikomo baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yakaingia mikononi mwa serikali 47 za kaunti, kama Katiba ya 2010 inavyoagiza. Sheria inayotumika ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Sheria hiyo inasema wazi kwamba hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi bila kibali cha kaunti, na kuigawanya ardhi ni sehemu ya kuiendeleza. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

ANZA KWA HATI

Kabla hujamwita mtaalamu yeyote, toa hati sandukuni uisome. Iko kwa jina la nani? Ni shamba la kumiliki daima, au ni la kukodi kutoka kwa serikali kwa miaka maalumu? Ukubwa wake ni upi? Usitegemee masimulizi. Hati huandika hektari, na ekari moja ni karibu hektari 0.40.

Kisha nenda kwa msajili wa ardhi ufanyiwe upekuzi rasmi. Tangu Aprili 2021, shughuli hii imeanza kufanywa kwa kompyuta kupitia mfumo wa Ardhisasa, ulioanzia Nairobi. Upekuzi utakuonyesha iwapo kuna mkopo uliosajiliwa juu ya shamba, iwapo kuna mtu aliyeweka zuio, na iwapo mahakama imetoa amri yoyote. Kama kuna deni, aliyekopesha sharti akubali kwanza.

Iwapo shamba hutozwa ada na kaunti, hakikisha zimelipwa na upate cheti cha kuthibitisha hivyo. Wako wengi ambao maombi yao yamekwama kwa sababu ya ada za miaka kumi ambazo hawakujua kuwa wanadaiwa.

Na usimsahau mama watoto. Mke au mume ana haki zake juu ya mali ya ndoa, na idhini yake huhitajika. Afadhali kuzungumza mezani nyumbani kuliko kuzungumza kizimbani.

MAOMBI YENYEWE

Sasa mtafute mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa. Huyu si mpima ardhi. Mpima hupima na kuweka mawe ya mipaka. Mtaalamu wa mipango huchora jinsi shamba litakavyogawanywa, barabara itakapopita na kila kipande kitakavyokuwa na njia. Wote wawili wana bodi zinazowasajili. Mwombe akuonyeshe cheti chake, wala usione haya. Aliye halali hataudhika.

Mchoro huo hupelekwa kwa idara ya mipango ya kaunti pamoja na fomu ya maombi, nakala ya hati, matokeo ya upekuzi na ada inayotakiwa. Ada hutofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine, kwa hivyo uliza ofisini wala si kwa dalali aliye nje ya lango. Dai risiti kwa kila shilingi. Kaunti kadhaa sasa hupokea maombi kwa kompyuta. Pale wanapopokea karatasi, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wenye tarehe.

Tarehe hiyo ina maana kubwa. Sheria ya 2019 inasema kwamba iwapo siku 60 zitapita bila mwombaji kupata jibu la maandishi, kibali kitachukuliwa kuwa kimetolewa. Asiye na muhuri atawezaje kuthibitisha siku alipoomba?

Ombi likiwa ofisini, hupitishwa kwa idara nyingine, kama vile za barabara, afya ya umma, mazingira na upimaji, ili zitoe maoni. Jibu huwa moja kati ya matatu: kukubaliwa, kukubaliwa kwa masharti, au kukataliwa. Ukikataliwa, lazima uelezwe sababu. Usiporidhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza malalamishi ya mipango, na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Zihesabu siku hizo tangu unapopewa uamuzi, si tangu hasira zinapopoa.

Jambo jingine: kibali cha kugawanya si kibali cha kubadili matumizi. Ukitaka shamba la mahindi liwe la nyumba za kupangisha au la kituo cha petroli, hilo ni ombi jingine, na majirani wana haki ya kuarifiwa na kupinga.

HESABU YA THUMUNI

Hapa ndipo wengi huumia. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ukiigawa mara nane, kila thumuni ni futi mraba 5,445. Ploti ya "futi 50 kwa 100" inayotangazwa kila mahali ni futi mraba 5,000 tu, kwa hivyo si thumuni kamili.

Sasa chukulia shamba la ekari moja lenye upana wa futi 200 na urefu wa karibu futi 218. Ukipitisha barabara ya futi 30 katikati kwa urefu wote, barabara hiyo itameza zaidi ya futi mraba 6,500. Zinazobaki ni kama 37,000. Kwa hesabu ya eneo pekee, hizo ni ploti saba za 50 kwa 100, wala si nane. Ya nane imekuwa barabara. Mzazi mwenye watoto wanane na ekari moja sharti ajue hilo kabla hajatamka neno mbele ya wanawe.

BODI YA ARDHI

Iwapo shamba ni la kilimo na liko nje ya mji, kibali cha kaunti hakitoshi. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya 1967 inataka idhini ya bodi ya ardhi, ambayo mwenyekiti wake huwa naibu kamishna wa kaunti au anayemwakilisha. Kuuza, kuhamisha au kugawanya shamba bila idhini hiyo ni kazi bure kisheria. Maombi yafaa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano yafanywe.

Siku ya kikao, mwenye shamba huenda mwenyewe, na kwa kawaida bodi hutaka kumwona mwenzake wa ndoa na watoto waliokomaa. Usilichukulie hili kuwa usumbufu. Ni mara ngapi mama amesikia kwa majirani kwamba shamba analolima limekwisha kuuzwa? Aidha, bodi inaweza kukataa iwapo kugawanywa kutapunguza mazao ya ardhi. Vipande visivyotosha hata kitalu cha sukuma wiki havimfaidi yeyote.

MAWE NA NAMBARI

Ukiwa na kibali cha kaunti na idhini ya bodi, ndipo mpima ardhi mwenye leseni huja na vyombo vyake. Huweka mawe ya mipaka na kujaza fomu ya mgawanyo, ambayo wenyewe huiita mutesheni. Fomu hiyo hukaguliwa na ofisi ya upimaji ya serikali, ramani ya sajili hurekebishwa, na vipande hupewa nambari mpya. Hati ya zamani hurudishwa na nambari yake kufungwa.

Wengi hudhani safari imekwisha hapo. La. Hati mpya hutoka zikiwa bado kwa jina la mwenye shamba. Kila kipande sharti kihamishwe kwa jina la mtoto anayekipokea, na kwa shamba la kilimo uhamisho huo nao unahitaji idhini ya bodi. Kwa hivyo omba idhini zote mapema, usije ukarudi kwenye kikao kingine.

MWENYE HATI AKIAGA DUNIA

Baba akifariki kabla ya haya kukamilika, hakuna mtoto, hata awe kifungua mimba, anayeweza kuomba kibali kwa jina la marehemu. Sharti kwanza familia iende mahakamani kupata barua za usimamizi wa mali, kisha mahakama iuthibitishe mgao, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi sita. Kuuza au kukata mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa la jinai.

Na mabinti je? Pale ambapo marehemu hakuacha wosia na mwenzake wa ndoa hayupo tena, Sheria ya Urithi inasema mali igawanywe sawa kwa watoto. Haikusema watoto wa kiume, wala haikusema ambao hawajaolewa.

UKIWA MNUNUZI

Nawe unayeweka akiba kwenye chama ili ununue ploti, haya yote yanakuhusu. Usitoe pesa kwa sababu umeonyeshwa mawe na ua wa miti. Omba mchoro wenye muhuri wa kaunti. Uliza iwapo ploti ina nambari yake yenyewe au ingali sehemu ya hati mama. Tembea kwenye barabara iliyochorwa, uone kama ipo. Muuzaji akikuambia kibali "kiko njiani", nawe mwambie pesa nazo ziko njiani.

NA YULE JIRANI?

Watoto wale wanne walikwenda mahakamani, wakapata barua za usimamizi, kisha wakamwita mpima. Hati ilipofunguliwa, ikaonekana shamba lilikuwa la hektari 0.74, ilhali ekari mbili ni karibu hektari 0.81. Tofauti hiyo inayoonekana ndogo ni kubwa kuliko ploti nzima ya 50 kwa 100. Na mchoro ulipotengenezwa, njia pekee ya kumfikisha kifungua mimba barabarani ilipita kwenye jiko na choo cha nyumba ya mawe.

Vikabomolewa. Hati nne zilipatikana mwishowe, lakini msichana aliyengojea karo alikuwa amekwisha kukosa mwaka mmoja wa masomo, na hadi leo wa kwanza na wa tatu husalimiana msibani tu.

Yule mzee hakuwa mchoyo wala mpumbavu. Aliwapenda wanawe, akawapa alichokuwa nacho. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kamba si hati. Kwa hivyo, msomaji, Jumapili hii ukimtembelea mzazi wako, na chai ikishanyweka, muulize kwa upole: "Baba, hati ya shamba iko wapi, na imeandikwa hektari ngapi?" Huenda akakunja uso kidogo. Vumilia. Swali hilo ni rahisi kuliulizia mezani leo kuliko kuliulizia kaburini.